Vali ya moyo inayovuja: EF ilikuwa 58 kabla ya upasuaji, ikawa 44 baada yake. Someni kabla hamjalaumu, na kabla hamjachelewa

#1 BintiUjiji

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani namwomba avumilie asome wote.

Mdogo wangu ana miaka 26, ni fundi cherehani pale Mwanga, Kigoma mjini. Tumezaliwa tumbo moja. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, vali ya moyo iliyokuwa inavuja ikatolewa akawekewa ya chuma. Siku ya sita wakampima eko, kile kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti. Karatasi ilipoletwa sikusoma kitu kingine, nilizitafuta zile herufi mbili ambazo kwa miaka kadhaa zimekuwa kama mtu wa nyumbani kwetu: EF, yaani katika damu iliyojaa chumba cha moyo kinachosukuma, ni asilimia ngapi inatolewa kila moyo unapokaza. Imeandikwa 44. Kabla ya upasuaji ilikuwa 58.

Shangazi yetu alikuwa kwenye benchi la nje, kanga kaifunga kichwani, mkononi ana chupa ya uji. Akaniuliza, "Imepanda?" Nikashindwa kumjibu, nikampa karatasi, na yeye hajui kusoma. Akaelewa kwa kuniangalia usoni. Usiku huo huo habari zilishafika Ujiji, Kasulu mpaka Uvinza: wamemharibu mtoto. Tumemtoa Kigoma anatembea kwa miguu yake, wamempasua kifua, wanaturudishia moyo mbovu kuliko tuliokwenda nao. Hata mimi niliamini hivyo, kwa siku mbili nzima.

Hawakumharibu. Ile 58 ndiyo iliyokuwa inatudanganya, tena ilitudanganya tangu zamani.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana wa zamu ya usiku. Alichukua bahasha ya picha ya eksirei, akaigeuza nyuma, akachora vyumba viwili upande wa kushoto wa moyo. Cha juu kinapokea damu kutoka kwenye mapafu. Cha chini ndicho mwenye kazi, kinasukuma damu kwenda mwili mzima. Katikati yao kuna mlango, vali ya mitrali, unaotakiwa kujifunga chumba cha chini kinapokaza. Wa mdogo wangu ulikuwa haufungi.

Kisha akaandika hesabu. Akasema namba hizi si za mgonjwa wako, nazitumia ili uelewe. Chumba cha chini kikijaa kina mililita 200. Kikikaza kinabakiwa na 80. Kwa hiyo kimetoa 120, na 120 katika 200 ni asilimia 60. Mashine inaandika EF 60, kila mtu anafurahi. Lakini mashine inahesabu damu iliyotoka chumbani, haiulizi imeelekea wapi. Kama nusu yake imerudi juu kupitia mlango mbovu, mwili umepata 60 tu.

Sasa ziba ule mlango. Hakuna tena damu ya kwenda na kurudi, chumba hakijai kupita kiasi, tuseme kinajaa 150. Misuli ni ile ile, na ikikaza inaishia pale pale, 80. Kimetoa 70. Gawanya kwa 150, unapata kama asilimia 47.

EF imeshuka kutoka 60 hadi 47, na mwili unapata 70 badala ya 60.

Niliirudia hesabu ile kwenye simu mara tatu nikiwa nimesimama koridoni. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, sehemu na asilimia ndiyo kazi yangu ya kila siku, na hakuna siku nimewahi kuzihitaji kama usiku ule.

Kuna kitu kingine alichonieleza, nami nikakielewa kwa kukumbuka baiskeli ya kaka yetu. Kaka alikuwa akibeba madumu ya mawese kutoka vijijini kuleta mjini. Tairi likiwa na tundu kubwa, pampu inakwenda laini, unapampu hata kwa mkono mmoja, hewa inapita tu. Ukishaziba tundu na tairi likaanza kujaa ndipo unasikia mkono unauma, na hapo ndipo unajua mkono wako una nguvu kiasi gani. Moyo unaovuja una mahali pepesi pa kutupia damu, kule chumba cha juu ambako hakuna presha kubwa. Kwa hiyo misuli iliyochoka inaonekana ina nguvu. Siku vali inapozibwa, pale pepesi panafungwa, damu yote lazima ipandishwe kwenye mshipa mkuu wenye presha ya mwili mzima. Uchovu uliokuwa umejificha miaka yote unaonekana asubuhi ya kwanza.

Nikamwuliza daktari: kwa hiyo mlijua itashuka? Akasema ndiyo, tulitegemea. Nikamwuliza kwa nini hakuna aliyetuambia. Alinyamaza kidogo, akaniambia, "Hilo mna haki ya kulalamika."

Hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Kushuka kwa EF baada ya upasuaji wa vali inayovuja kunaweza kukisiwa kabla, kwa vipimo ambavyo tayari vimo kwenye karatasi mliyonayo kabatini. Na vipimo hivyo vinasema pia kama mnachelewa. Sisi tulichelewa. Nitaeleza nikishapata chai.

#2 Mgebuka

Dada pole sana, na hongera kwa kuandika. Nipo Kibirizi hapa, mama mkubwa ana tatizo hilo hilo. Hiyo hesabu ya 70 na 60 nimempigia mzee wangu nikamsomea neno kwa neno. Endelea dada, tunasubiri.

#3 MzeeWaReli

Binti yangu, nimesoma kwa makini. Sasa kama EF inadanganya, si waache kuipima? Miaka yote madaktari wanatuambia EF, EF. Mimi nilikuwa na ndugu Tabora, karatasi yake iliandikwa EF 55, tukaambiwa ni ya kawaida kabisa. Aliyasema hayo mtu aliyevaa koti jeupe.

#4 BintiUjiji

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo hasa nililotaka kulifikia.

Mdogo wangu aligundulika akiwa na miaka 19. Utotoni alikuwa akiumwa koo mara kwa mara, kisha kuna mwaka magoti yakavimba, leo hili, kesho lile, na homa. Nyumbani tukasema ni baridi, tukamkanda kwa maji ya moto. Baadaye sana ndipo tukajifunza kwamba ile ni homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwa mdudu wa koo, na kwamba viungo vinapona lakini vali za moyo zinabaki na makovu. Wenyewe wanasema inalamba viungo na kuuma moyo.

Eko ya kwanza ilisema vali inavuja sana, EF 65. Mahali tulipopimwa, sitapataja, tukaambiwa moyo unasukuma vizuri, rudini akianza kupumua kwa shida. Tukarudi nyumbani tunamshukuru Mungu. Tukakaa miaka minne bila kupima tena. Hakupumua kwa shida kwa sababu hakukimbia, hakupanda kilima, alikaa kwenye cherehani. Alijipangia maisha yanayolingana na moyo wake bila kujua. Nakumbuka alikuwa akitoka ziwani kununua dagaa, anasimama njiani mara mbili kabla ya kufika Mwanga, na kila akisimama anajifanya anapiga simu. Simu haikuwa na salio.

Eko ya pili, EF 58. Tukaambiwa bado iko kwenye kiwango. Kando yake iliandikwa LVIDs 46, yaani upana wa chumba cha chini kikimaliza kukaza, kwa milimita. Hakuna aliyetutamkia ile 46.

Kwa hiyo mzee wangu, EF ipimwe. Ila kwa mwenye vali ya mitrali inayovuja sana, mstari wake hauko 50 kama kwa watu wengine. Uko 60. Ikiwa 60 au chini, tayari misuli imeanza kuchoka. Ile 55 ya ndugu yako ingekuwa nzuri kwa mtu ambaye vali yake inafunga.

#5 NesiWaNzega

Wangaluka. Nimefanya kazi chumba cha eko miaka kadhaa, naomba nimsaidie dada hapa, na niseme wazi kwamba anayoandika ni sahihi.

Miongozo ya Wamarekani ya 2020 na ya Wazungu wa Ulaya ya 2021 inakubaliana kwenye hili: mgonjwa ambaye vali yake ya mitrali yenyewe ndiyo mbovu, inavuja sana, na hana dalili yoyote, apelekwe kwa upasuaji EF ikifika 60 au chini, AU upana wa chumba cha chini mwishoni mwa kukaza ukifika milimita 40. Neno ni "au". Moja kati ya hayo mawili linatosha. Na akiwa na dalili, hapo hatusubiri namba hizo.

Upana huo kwenye karatasi unaandikwa LVIDs au LVESD. Angalieni herufi ya mwisho. Kuna LVIDd, hiyo ni chumba kikiwa kimejaa. Mnayoitafuta ni yenye s mwishoni, chumba kikiwa kimemaliza kukaza. Karatasi nyingine zinaandika kwa sentimita, kwa hiyo 4.0 ni sawa na milimita 40.

Utafiti uliofungua macho ya wengi ni wa Mayo Clinic kule Marekani, ulichapishwa 1994. Walifuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa vali hii, wakawagawa kwa EF waliyokwenda nayo chumba cha upasuaji. Waliokwenda na 60 au zaidi, baada ya miaka 10 asilimia 72 walikuwa hai. Waliokuwa kati ya 50 na 60, asilimia 53. Chini ya 50, asilimia 32. Tazameni kundi la katikati. Ni watu ambao karatasi zao tungezigonga muhuri wa "kawaida".

#6 Mgebuka

Nesi, swali la mtu asiyesoma udaktari. Kwa nini LVIDs isidanganye kama EF? Zote si zinapimwa na mashine moja?

#7 NesiWaNzega

Swali zuri sana, mdogo wangu. EF ni mgawanyo: uliyotoa kwa uliyojaza. Vali ikivuja, chumba kinajaa damu nyingi kuliko kawaida, na msuli uliovutwa sana unarudi kwa nguvu zaidi, kama mpira wa manati. Hapo EF inapata sifa isiyo yake. LVIDs inauliza jambo moja tu: baada ya kukaza kote, umefika wapi? Msuli wenye afya unakaza mpaka chumba kinakuwa kidogo, hata kama ulianza umejaa sana. Uliochoka unaishia njiani. Haijali sana ulianzia wapi, ndiyo maana inaaminika zaidi.

Nayo ina kasoro yake. 40 ya mwanaume mrefu mwenye kilo 90 si 40 ya binti wa kilo 45. Mwenye mwili mdogo, moyo wake ulianza mdogo, akifika 40 ameshapanuka sana. Kwa hiyo tunagawa kwa ukubwa wa mwili. Wanawake wengi wanacheleweshwa kwa sababu hiyo, namba yao inaonekana ndogo wakati kwa mwili wao ni kubwa.

#8 BintiUjiji

Nesi, asante. Mdogo wangu alikuwa na kilo 47.

#9 FundiRedioKaliua

Mimi nataka kupinga kidogo, si kwa ubaya. Hizo tafiti ni za Wazungu wazee ambao vali zimelegea kwa umri. Huku kwetu ni vijana wenye vali zilizokakamaa kwa homa ya utotoni. Tutajuaje namba zao zinatuhusu?

#10 NesiWaNzega

Ndugu yangu, umegusa penyewe. Kweli, sehemu kubwa ya takwimu hizo imetoka kwa watu wenye vali zilizolegea, na wengi wao umri umekwenda. Wa kwetu ana miaka 15, 20, 30. Mara nyingi vali yake inavuja na wakati huo huo imebana, na mara nyingine vali ya pili, ile ya kwenye mshipa mkuu, nayo imeguswa. Ikiwa imebana, chumba cha chini hakijai sana, basi namba zote zinasogea. Kwa hiyo 60 na 40 tuzichukue kama kengele. Zikilia, mgonjwa afike kwa wataalamu. Zisipolia, na mgonjwa anasimama mara mbili akipanda kilima, kilima kinasema kweli.

Lakini ile fizikia ya pampu ya baiskeli haibagui. Tundu ni tundu, Ulaya na Kaliua.

Kuna dalili nyingine zinazosaidia kukisia moyo utakavyokuwa baada ya upasuaji. Mapigo yaliyokwisha poteza mpangilio kwa sababu chumba cha juu kimetanuka. Presha ya mshipa wa mapafu iliyopanda, ikivuka 50 tunashtuka. Kuna kipimo cha damu cha BNP, homoni ambayo moyo unaitoa ukivutwa kupita kiasi. Na siku hizi mashine nzuri za eko zinapima streini, yaani nyuzi za msuli zinafupika kwa asilimia ngapi moyo unapokaza. Inaandikwa kwa alama ya kutoa, moyo wenye afya huwa karibu na -20. Mtu anaweza kuwa na EF 63 na streini imeshafifia hadi -16, huyo moyo wake umeanza kuchoka na EF bado haijasema. Si kila hospitali ina kipimo hicho, na hata palipo na mashine panatakiwa mtu aliyezoea kuitumia.

#11 MamaZawadi

Nimelia nikisoma hapa. Mwanangu alifanyiwa, EF ikashuka, mume wangu akagombana na madaktari mpaka tukaondoka kabla ya muda. Mwaka mzima hatukurudi kliniki kwa hasira. BintiUjiji mdogo wako yuko hali gani sasa? Na hiyo 44 ilikaa hapo hapo?

#12 BintiUjiji

Mama Zawadi, pole mama. Hata sisi nusura tuondoke. Shangazi alishafunga mizigo, na alikuwa akisema kwa mapenzi.

Haikukaa hapo. Siku za mwanzo moyo unakuwa pia umepigwa na upasuaji wenyewe, umesimamishwa, mashine imefanya kazi yake kwa saa kadhaa, unaamka umezubaa. Kwa hiyo eko ya siku ya sita si hukumu. Miezi mitatu baadaye ilikuwa 47. Mwezi wa nane ikawa 51, na LVIDs imeshuka kutoka 46 hadi 38. Daktari alinionyesha picha mbili pembeni kwa pembeni, ya zamani chumba kimekuwa duara kama chungu, ya sasa kimeanza kurudi kwenye umbo lake. Alikuwa akimeza dawa za kuusaidia moyo muda wote huo, anaandikiwa na kupunguziwa au kuongezewa kliniki. Ukiacha kliniki unaacha hilo. Mama, mrudishe mtoto. Hakuna atakayewafukuza, na kama yupo wa kuwasema, msemwe na apimwe.

Lakini sitaki kuwadanganya. 51 haitafika 65 aliyokuwa nayo akiwa na miaka 19. Daktari alisema kama angefika miaka mitatu nyuma, huenda tungekuwa tunazungumza namba nyingine. Hilo nalibeba mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natunza karatasi zake. Zilikuwa kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, pamoja na risiti za ada.

#13 MzeeWaReli

Usijibebeshe yote, binti. Mlifuata mlichoambiwa.

Mimi nina swali la vali yenyewe. Nasikia kuna kutengeneza na kuna kubadilisha. Kipi bora kwa nguvu za moyo?

#14 NesiWaNzega

Shikamoo mzee. Ikiwezekana kutengenezwa, ni bora kutengeneza. Sababu ni hii: vali ya mitrali inashikiliwa na kamba ndogo ndogo zilizofungwa kwenye ukuta wa chumba cha chini. Fikirieni mwavuli na nyuzi zake. Kamba zile zinazuia vali isipinduke, na pia zinausaidia ukuta kukaza ukiwa na umbo zuri. Zamani wakibadilisha vali walizikata zote, na EF ilikuwa ikianguka vibaya. Wakajifunza kuzibakiza hata wanapoweka vali mpya, na moyo unashukuru. Kwa hiyo mtu akiuliza atakisiaje moyo baada ya upasuaji, jibu moja ni: muulize daktari wa upasuaji kama kamba zitabaki.

Sanaa ya kutengeneza ilikuzwa sana na Alain Carpentier wa Ufaransa, na pete zinazowekwa kuizunguka vali bado zinafuata kazi yake. Tatizo kwetu ni lile la homa ya utotoni: vali imekuwa nene, imejikunja, kamba zimeshikana na kufupika. Kuna zinazotengenezeka, tena kwa watoto ni vizuri kujaribu. Nyingine hazishikiki.

#15 BintiUjiji

Ya mdogo wangu haikushikika. Daktari alituambia mapema kwamba ataamua akishaiona, na akijitahidi atabakiza kamba za nyuma. Alizibakiza.

Vali ya chuma ina sauti. Umeme ukikatika usiku, feni ikasimama, nyumba ikatulia, unamsikia kutoka kitanda cha pili, tik, tik, tik, kama saa iliyofunikwa na mto. Wiki za mwanzo nilikuwa siwezi kulala kwa sababu ya sauti ile. Sasa silali mpaka niisikie.

Na ina dawa ya maisha, warfarini, damu isigande juu yake. Kipimo chake kinaitwa INR. Yeye ameambiwa akae kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda na kuziba vali au kurukia kichwani. Ikipanda, anaweza kuvuja damu ndani. Tulikosea mara moja: msimu wa mvua, matembele na kisamvu vimejaa, akawa anakula mboga za majani mchana na usiku, INR ikashuka mpaka 1.7. Mboga hazikatazwi. Anatakiwa ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, asile kapu leo na kesho asiguse. Na kama ni msichana anayetaka kuzaa, suala la warfarini na ujauzito lizungumzwe KABLA ya kuchagua vali, kwa uwazi, mama mzazi au dada akiwepo. Sisi tulizungumza. Alichagua mwenyewe.

Sindano ya penisilini kila wiki nne nayo inaendelea. Watu wanadhani vali ikishabadilishwa yameisha. Homa ile ikirudi inaweza kuuma vali zilizobaki.

#16 AsaliYaSikonge

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Natokea Sikonge. Mke wangu ana miaka 31, vali ya mitrali inavuja sana, tumeambiwa hivyo Machi. Anafanya kazi zote, analima, anachota maji, hasemi kama anaumwa. Nimeitoa karatasi sasa hivi natumia tochi ya simu. EF 62. LVIDs 4.3 cm. Mwisho wameandika kazi ya moyo ni nzuri, arudi baada ya mwaka. Nisomeeni.

#17 NesiWaNzega

Kaka, mtandaoni sitoi matibabu, na mwandishi wa karatasi alimwona mgonjwa, mimi sijamwona. Lakini 4.3 ni milimita 43. Kwa miongozo niliyoitaja hapo juu, kama uvujaji ni mkubwa kweli kama walivyoandika, hiyo peke yake inatosha afike kwa daktari bingwa wa moyo sasa, bila kusubiri mwaka. Hata kama anachota maji. Tena mwulize ameacha nini. Usimwulize kama anachoka, wanawake wetu watakujibu hawachoki. Mwulize mwaka juzi alikuwa akibeba ndoo ngapi na sasa anabeba ngapi.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, uombe barua ya rufaa. Upasuaji wa moyo unafanyika Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo kwako ni karibu zaidi.

#18 AsaliYaSikonge

Nimemwuliza. Amenyamaza muda mrefu. Kisha akasema tangu mavuno ya mwaka jana ndoo ya pili anambebesha mtoto.

Kwa hiyo ile EF 62 yake si 62.

#19 BintiUjiji

Si 62, shemeji. Ya kweli iko chini ya hapo, na itajulikana vali ikishafunga. Naomba umwambie yeye mwenyewe hivyo, na uwaambie wakwe pande zote mbili kabla hamjasafiri, ili ikishuka baada ya upasuaji asitokee mtu wa kusema wameharibu. Waulize madaktari maswali haya, uyaandike kwenye daftari: mnakisia EF itakuwa ngapi baada ya upasuaji? Je, vali inatengenezeka? Kamba zitabaki? Presha ya mapafu ni ngapi? Hawatakuambia namba kamili, lakini daktari aliyekwisha kufikiria swali hilo utamjua kwa jibu lake.

Na uwe na nakala ya eko ya Machi. Usiende na ya sasa peke yake. Namba moja ni picha, mbili ndizo zinaonyesha moyo unakoelekea.

#20 FundiRedioKaliua

Hapa nimekubali, nesi na dada. Nina nakala mashine hapa dukani, AsaliYaSikonge ukipita Kaliua njoo utoe bure.

#21 AsaliYaSikonge

Wakuu, nimerudi, ni wiki ya tatu. Barua ya rufaa tumepata. Wamempima upya: EF 60, LVIDs 44, presha ya mapafu 48. Bingwa amesema hakuna kusubiri, na kwamba tumekuja wakati moyo bado una uwezo wa kurudi. Amesema tutegemee EF ya miaka ya hamsini mwanzoni baada ya upasuaji, ikiwa chini kidogo tusishtuke. Aliposema hivyo mke wangu akanigeukia akacheka, kwa sababu nilishamwambia nyumbani. Mama mkwe naye alikuwepo, amesikia kwa masikio yake.

Tunasubiri tarehe. Dada BintiUjiji, niambie mlibeba nini, na ndugu wangapi wanahitajika.

#22 BintiUjiji

Alhamdulillahi. Nimemsomea mdogo wangu, yuko kwenye cherehani hapa, anawasalimu.

Mpelekeni kwa daktari wa meno kwanza, jino bovu linaweza kuahirisha upasuaji, kwani wadudu wake wanaweza kushika vali mpya. Tafuta ndugu wa kuchangia damu mapema, sisi tuliwapata wajomba wawili wa Dar na rafiki mmoja wa shule. Beba kanga za kufungua mbele, mikono haiinuki juu wiki za mwanzo, magauni ya kuvaa kichwani hatayaweza. Mto mdogo wa kukumbatia akikohoa. Kadi ya sindano za penisilini kama anachoma. Na ndugu wa kukaa naye awe ni yule anayeweza kuuliza maswali bila kuogopa koti jeupe, hata kama si mkubwa katika ukoo.

Mdogo wangu anasema mwambie dada mkohoo wa kwanza ndio mbaya kuliko yote, wa pili una nafuu.